Kukata kona na pikipiki na kuujua mwendo wako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila mara, hasa kutoka kwa watu ambao leseni wanayo na pikipiki wanaiendesha vizuri tu barabara ikiwa imenyooka, ila ikitokea kona mabega yanapanda na vidole vinakimbilia breki vyenyewe. Majibu mengine ni marefu mengine mstari mmoja, maana sio kila swali lina mambo mengi. Nikisema kulaza namaanisha kuinamisha pikipiki upande wa ndani wa kona.

Kwanini kona zinanitisha wakati kwenye barabara iliyonyooka niko poa kabisa?

Kwa sababu kwenye iliyonyooka unaona unakoenda na kwenye kona huoni, hamna siri zaidi ya hapo. Halafu wengi wanaingia na mwendo uliozidi kidogo, sio sana, kidogo tu, sasa ndani ya sekunde mbili wanataka wapunguze mwendo, washushe gia, wailaze, waangalie kama kuna gari linakuja na bado wakwepe mashimo, vyote kwa pamoja. Lazima uogope. Hiyo hofu mara nyingi inakuambia ukweli kwamba kazi imekuwa nyingi kuliko muda ulionao, na dawa yake sio kujikaza, ni kuifanya hiyo kazi mapema kabla kona haijaanza.

Na sio wewe peke yako. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1981, ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, timu yake ilikwenda kukagua ajali 900 za pikipiki pale pale zilipotokea. Zile ajali ambazo pikipiki ilikuwa peke yake bila gari lingine, karibu theluthi mbili chanzo kilikuwa mwendeshaji mwenyewe, na makosa yenyewe ni haya haya tunayoyaongelea hapa: kubana breki kupita kiasi mpaka ikateleza, au kutanuka nje ya kona kwa sababu ya mwendo mkubwa au kushindwa kuilaza vya kutosha.

Pikipiki inapinda kwa kugeuza usukani au kwa kuinamisha mwili?

Ikishapita mwendo wa kutembea, tuseme kuanzia kilomita 20 kwa saa hivi, inapinda kwa kulala, na inalala kwa sababu umesukuma usukani upande usioutegemea. Unataka kwenda kulia, sukuma mkono wa kulia mbele. Ndio, unausukuma ule ule wa upande unaokwenda. Tairi la mbele linaelekea kushoto kidogo sana, pikipiki inaangukia kulia, basi kona imeanza. Kila anayeendesha anafanya hivi hata kama hajui na hata kama atakubishia mpaka kesho. Wilbur Wright, yule wa ndege, aliwahi kuuliza waendesha baiskeli wengi wanapindaje kushoto na akakuta karibu wote wanaeleza kitu tofauti na wanachokifanya.

Faida ya kukijua ni kwamba siku ya dharura hutategemea bahati. Jaribu kwenye eneo tupu, mwendo wa 40, mikono imelegea, sukuma kulia kidogo tu uone inavyoitikia, halafu kushoto. Mwili nao unasaidia, ukiusogeza ndani kidogo pikipiki inahitaji kulala pungufu, ila mwili peke yake unageuza pikipiki taratibu mno, nzito ndo kabisaaa.

Sawa, niambie basi niingie kona na spidi gani?

Hapa ndo kila mtu anataka namba na namba hakuna. Kanuni ipo moja, na kwangu hii ndo inayobeba kila kitu kwenye ukurasa huu: nenda mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya umbali unaouona ni mtupu, upande wako wa barabara. Ukiona mbali nenda, ukiona karibu punguza. Ujasiri haumo, ukubwa wa injini haumo, na jana ulipita hapo na ngapi haimo pia.

Ila hesabu zinasaidia kuona kwanini. Chukua sekunde 1 ya kushtuka na kufikia breki, halafu breki nzuri kwenye lami kavu. Kwa 40 unahitaji kama mita 20 kusimama. Kwa 60 ni kama mita 37. Kwa 80 inafika mita 58 hivi. Sasa nenda kwenye kona unayoipita kila siku yenye ukuta au majani marefu upande wa ndani, simama pembeni, uangalie unaona mita ngapi mbele. Wengi wanakuta wanaona 30 na wanapita na 60. Siku zote walikuta pako wazi, basi.

Upande wa kulala nao uko hivyo hivyo. Tuchukue kona ambayo ukilikamilisha duara lake, kutoka katikati mpaka barabarani ni mita 30. Kwa 40 utailaza kama nyuzi 23 kutoka wima, hiyo ni raha kwa mtu yeyote. Kwa 50 inakuwa 33, wengi hapo wanaanza kubana meno. Kwa 60 ni 43, na hapo pikipiki nyingi za kawaida zinaanza kukwangua vyuma vya kukanyagia na tairi haina akiba ya kutosha kwa mchanga wala breki. Ona hapo, umeongeza 20 tu kwenye spidometa na ulazo umekaribia mara mbili, kwa sababu mwendo unaingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ndo maana "nilizidisha kidogo tu" ni sentensi mbaya sana kwenye kona. Uzito wako wala wa pikipiki haubadilishi hizo nyuzi.

Huo umbali ninaouona naupimaje nikiwa naendesha? Siwezi kuhesabu mita.

Huhesabu. Angalia ile sehemu ya mbali kabisa ambapo ukingo wa kushoto wa barabara na ukingo wa kulia vinaonekana vimekutana, hapo ndo mwisho wa unachokijua. Halafu angalia inafanya nini. Kama inakusogelea, kona inakaza, punguza. Kama inakaa umbali ule ule unavyokwenda, mwendo wako umelingana na kona, baki hapo hapo. Ikianza kukukimbia kona inafunguka, polepole rudisha mafuta. Ukiizoea hii unakuta huhitaji tena kuikariri barabara, na kona zile za kudanganya zinazoanza laini halafu zinajikunja mbele, ambazo ndo zinaangusha sana wageni, zinakuambia zenyewe mapema.

Usifuate nguzo za umeme wala mstari wa miti. Barabara inaweza kukata kona na nguzo zikaendelea moja kwa moja porini, hasa usiku.

Nikae upande gani wa leni?

Nje ya kona, ndani ya leni yako. Kona ya kushoto kaa kulia kwa leni, kona ya kulia kaa kushoto, ubaki huko mpaka uone kona inapotokea, ndo usogee ndani kisha utoke. Watu wakisikia hivi wanadhani ni mambo ya resi, wa resi wanafanya ili wapite haraka, sisi tunafanya ili tuone mbali, na ndo maana sisi tunachelewa kuingia ndani kuliko wao. Ukiwahi kuingia ndani utatokea umetanuka, yani mwanzo mtamu halafu mwisho unajikuta kwenye leni ya watu.

Kuna kitu wengi hawakifikirii: pikipiki ikilala kuelekea mstari wa katikati, tairi lako liko ndani ya leni lakini kichwa kimeshavuka. Lori linalokuja halijali tairi lako liko wapi. Kona za upande huo acha nafasi, kama mita nzima. Na ukiona lami ya nje ina changarawe au utelezi, acha hiyo nafasi nzuri ya kuona, kaa pasafi, punguza mwendo. Usalama wa tairi kwanza, kuona baadaye.

Naruhusiwa kubana breki nikiwa nimeshalaza?

Unaruhusiwa, ila kwa kipimo. Tairi ina uwezo mmoja wa kushika lami na unagawana kati ya kupinda na breki, ukitumia mwingi kupinda umebakiwa na kidogo cha breki, kwahiyo ukifinya ghafla kama ulivyozoea kwenye iliyonyooka inaondoka chini yako. Kwa mwenye mazoezi kidogo nasema hivi: maliza breki zako zote kabla hujalaza, achia taratibu, laza. Wakishakomaa wengi wanajifunza kuingia kona bado wamegusa breki ya mbele kwa mbali huku wanaiachia kadri wanavyozidi kulaza, ni mbinu nzuri na inakupa nafasi ya kurekebisha, ila kama mkono wako wa breki bado una hasira subiri kwanza.

Ikitokea kitu katikati ya kona na lazima usimame, kama kuna nafasi inyanyue pikipiki isimame wima kisha bana kwa nguvu. Hakuna nafasi, bana kidogo halafu ongeza kadri inavyonyanyuka. Jua pia kwamba breki ya mbele inaifanya pikipiki itake kunyanyuka wima na kwenda moja kwa moja, kwahiyo endelea kusukuma mkono wa ndani.

Breki za ABS za kawaida, zile zinazozuia tairi lisijifunge ukibana sana, zinasaidia sana kwenye iliyonyooka, kwenye kona zinasaidia kiasi. Zile zinazopima na ulazo zilianza kuonekana kwenye KTM 1190 Adventure ya 2014, mfumo wa Bosch, na siku hizi ziko kwenye pikipiki nyingi kubwa. Ni nzuri mno. Haziumbi lami mpya mbele yako lakini, mita za kusimamia zinabaki zile zile.

Mafuta je? Niachie, nishike, au nivute?

Ukishalaza, shika kidogo yasibadilike, pikipiki itulie kwenye shokapu zake. Ukiona unapotokea anza kuvuta polepole huku unainyanyua. Kosa linalofanyika sana ni kuachia mafuta ghafla katikati ya kona kwa woga, uzito wote unahamia mbele, pikipiki inashtuka, na wewe ndo unaogopa zaidi. Gia iwekwe kabla, ile ambayo ukigusa mafuta injini inaitika bila kulalamika. Na usiende kona umeshika klachi, pikipiki inakuwa inajiendea tu.

Nimeshaingia kasi, naona natanuka. Nifanyeje?

Angalia unakotaka kutokea, geuza kichwa kabisa, kidevu kielekee huko, na sukuma mkono wa ndani zaidi. Basi, hayo mawili. Kila kitu mwilini kitakuambia uangalie mti au ukingo au lori, na unachokikodolea macho ndo unakifuata, hii sio imani, mikono inafuata macho na kila aliyeendesha muda mrefu anaijua.

La pili kulikubali ni kwamba pikipiki karibu kila mara ina ulazo mwingi kuliko ulioutumia. Watu wanatoka barabarani pikipiki ikiwa imelala nyuzi 20 na tairi ingeweza 40 bila wasiwasi, walichokosa ni kuamini na kusukuma. Chuma cha kukanyagia kikikwangua chini usishtuke ukanyanyua, hicho ni kengele tu, legeza mwili usogee ndani, endelea.

Nitajuaje kwamba nimelaza vya kutosha? Tairi zangu pembeni bado mpya kabisa.

Ziache zibaki mpya. Wapo wanaopima ujanja wa mtu kwa kuangalia kingo za tairi lake, mimi naona ni ujinga, barabara ya watu wote sio uwanja wa MotoGP, yale mashindano makubwa ya pikipiki duniani, ambapo wanalaza zaidi ya nyuzi 60 kwenye lami iliyofagiwa, tairi zimepashwa moto, na akianguka kuna uwanja mzima wa changarawe unamsubiri na madaktari juu.

Nikienda na wenzangu wananiacha kila kona. Nifanye nini niwafikie?

Usiwafikie. Najua ni jibu linaloudhi. Ukiwa katikati ya kundi macho yanahama kutoka barabarani kwenda kwenye taa ya nyuma ya mtu aliyetangulia, unabana breki akibana, unalaza akilaza, na yeye ana tairi nyingine, uzoefu mwingine, na pengine naye anamkimbiza wa mbele yake. Nimeona kundi zima likipita kwenye kona moja vibaya kwa namna ile ile kwa sababu wa kwanza alikosea na kila mtu akamuiga.

Kundi zuri linakubaliana kabla ya kuondoka kwamba kila mtu aende mwendo wake, wanasubiriana kwenye njia panda, na hakuna anayechekwa kwa kufika mwisho. Acheni angalau sekunde 2 kati yenu, kwenye kona panueni zaidi. Kama kundi lako haliwezi hayo, tafuta lingine.

Sasa mwendo wangu mwenyewe naujuaje?

Swali zuri kuliko yote hapa. Spidometa haikuambii, mwili unakuambia. Ukiwa ndani ya mwendo wako vidole vimelegea kwenye usukani kiasi kwamba unaweza kuvipiga piga, unapumua kawaida, kona ikifika ulishaamua mambo yote na unabaki na muda wa kuona mbuzi pembeni au mtu anayetaka kuvuka. Ukiwa umepita, unabana pumzi bila kujua, unabana tangi na usukani kwa pamoja, kila kona unashangaa ("kumbe ilikuwa kali hivi"), unarekebisha mstari katikati, na breki unazigusa mahali ambapo hukupanga. Moja ikitokea mara moja sio kitu. Zikitokea kona tatu mfululizo punguza 10 hapo hapo, usisubiri ya nne.

Huo mwendo haukai sehemu moja. Asubuhi umelala vizuri ni mmoja, jioni umechoka una njaa ni mwingine, baada ya kugombana na mtu ni mwingine kabisa. Barabara mpya toa kidogo. Baada ya miezi bila kuendesha toa kidogo. Na ukikaa miaka ukipanda wenyewe sawa, usiulazimishe, unapanda kwa sababu unaona mambo mapema zaidi.

Halafu ule msemo kwamba nikienda taratibu siwezi kuanguka vibaya, hapana. Kwenye ule utafiti wa 1981 nusu ya ajali pikipiki zilikuwa chini ya kilomita 48 hivi kwa saa kabla mambo hayajaharibika. Kutembea taratibu huku umelala usingizi wa macho hakukusaidii.

Nikienda mwendo wangu naziba walio nyuma, wananipigia honi.

Pakiwa pamenyooka na salama sogea, wapishe, wapungie mkono. Usiongeze mwendo kwa ajili yao na usisogee ndani ya kona ili wapite.

Mvua na mchanga?

Kwenye mvua tairi nzuri bado inashika kuliko watu wanavyodhani, tatizo ni vitu vilivyo juu ya lami: mistari ya rangi, mifuniko ya chuma, majani, na oili inayopanda juu mvua inapoanza tu baada ya kiangazi kirefu, zile dakika za kwanza ni mbaya kuliko mvua yenyewe ikishakolea. Laza kidogo, fanya kila kitu polepole mara mbili, breki, mafuta, hata kugeuza kichwa. Mchanga ukiuona mbele, punguza mwendo ukiwa bado kwenye lami safi, ukifika juu yake simamisha pikipiki wima kadri unavyoweza, usiguse breki, usivute mafuta, pita. Ikicheza kidogo iache icheze.

Nina abiria, kona zinakuwa ngumu.

Mwambie kabla ya kuondoka: akushike kiunoni, alale na wewe bila kukupinga wala kukuzidi, kona ya kulia aangalie juu ya bega lako la kulia, ya kushoto vilevile. Hilo la bega linatosha kumuweka mwili sawa bila maelezo mengine. Ongeza upepo wa tairi kama kitabu cha pikipiki kinavyosema kwa watu wawili na kaza springi za shokapu ya nyuma kama zinakazika, la sivyo mkia unashuka, mbele inakuwa nyepesi na pikipiki inagoma kupinda. Breki anza mapema zaidi. Na mwendo wenu wa wawili ni wa yule anayeogopa zaidi.

Tairi mpya zinateleza kweli?

Ndio, mwanzoni. Kilomita 100 za kwanza laza kidogo kidogo, ongeza taratibu. Tairi ya baridi nayo haishiki vizuri, kona ya kwanza ukitoka nyumbani sio ya kujaribia kitu. Upepo upime tairi ikiwa baridi, kila wiki ukiweza, pikipiki nyingi zinazosemwa "haipindi vizuri" zina upepo pungufu tu.

Kugeuza pikipiki kabisa kwenye barabara nyembamba kunanishinda.

Hapo sheria zinageuka kwa sababu mwendo ni mdogo. Klachi nusu, mafuta kidogo yasiyobadilika, mguu ukigusa breki ya nyuma kwa mbali, breki ya mbele usiiguse kabisa maana ukiigusa usukani ukiwa umegeuzwa utailaza chini mara moja. Mwili kaa nje wakati pikipiki inalala ndani, kichwa kigeuke mpaka uone ulikotoka. Ukiangalia tairi la mbele unaanguka.

Nifanye mazoezi gani ambayo hayahitaji uwanja wa resi?

Tafuta barabara unayoijua, isiyo na magari, yenye kona laini nyingi. Chagua gia moja ya katikati, ipite yote bila kugusa breki, mwendo unaupanga kwa mafuta tu, vidole viwe tayari juu ya breki kwa dharura lakini visifanye kazi. Kona ukiifikia kasi utajua kwa sababu utatamani breki, basi mara nyingine achia mafuta mapema zaidi. Utaanza polepole mpaka uone aibu, sawa tu, acha mwendo upande wenyewe. Siku nyingine eneo tupu, weka vitu viwili chini, zungusha namba nane, kulia na kushoto, maana karibu kila mtu ana upande mmoja unaomshinda na anaukwepa bila kujua. Fanya huo unaokushinda zaidi.